Gesi nyumbani: moto unataka hewa, na nyumba zetu tumezifunga

Kusi likianza kuvuma na asubuhi zikawa na kibaridi kidogo, huwa naanza kuulizwa kuhusu hita za gesi. Anayeuliza si kwamba yeye ahisi baridi hapa Kibokoni. Mara nyingi ana kijana anayesoma Eldoret, au binti aliyeolewa Nairobi, na ameiona dukani ile hita ya magurudumu ambayo mtungi hukaa mgongoni mwake na haina bomba la kutolea moshi. Ataka kujua kama ni salama. Mimi humrudishia swali: jikoni kwako mwenyewe wapikia nini? Kwani jiko la gesi tunalopikia hapa kisiwani ni chombo cha aina hiyo hiyo. Halina dohani. Gesi yaungulia ndani, na kinachotokana na ule moto hubaki mle mle chumbani tunamovuta pumzi.

Kwa hivyo makala haya ni ya hita, na ni ya jiko pia, na ya hita ya maji ya bafuni, na hata ya jiko la makaa la mzazi. Kanuni ni moja. Nilichosomea ni ufundi wa mitambo, si udaktari, basi ya hospitali nitayapitia kwa ufupi tu.

Nyumba zilivyokuwa zikipumua

Waliojenga nyumba za Mji wa Kale hawakuwa na gesi wala umeme, lakini walijua kuwa moto wataka hewa. Mapishi yalikuwa uani, au juu kabisa ya nyumba chini ya makuti, mbali na vyumba vya kulala. Dari za boriti ziliwekwa juu sana. Madirisha yalikuwa na vibao vilivyopitisha upepo hata yakiwa yamefungwa, na juu ya milango paliachwa matundu. Katika zile nyumba za ghorofa za upande wa Ndia Kuu, roshani za mbao zilileta kivuli na sitara, na upepo wa bahari ukaingia.

Sasa tazama tulivyozifanya. Nyumba moja ya ukoo imekatwa mafungu matatu ya kupangisha. Jiko limetolewa uani likatiwa pembeni mwa ukumbi, au chini ya ngazi. Uwanja wa ndani umeezekwa mabati ili kipatikane chumba kimoja zaidi. Vibao vya madirisha vimeng'olewa, pametiwa vioo na alumini, kisha pembeni pakapakwa silikoni ili ubaridi wa AC usitoke. Simlaumu mtu. Watoto huzaliwa, wageni huja, kodi yahitajika, na joto la Februari sote twalijua. Lakini nyumba ile haipumui tena kama ilivyojengwa ipumue, na ndani yake sasa mna moto wa gesi.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulifahamu kinyume, nami nimeshalieleza kwa mafundi na kwa maustadhi. AC ya ukutani haileti hewa mpya. Yachukua hewa ile ile ya chumbani, yaipoza, yairudisha. Pangaboi nalo lazungusha tu. Ukihisi ubaridi usoni usidhani hewa imebadilika. Chumba chenye AC na jiko la gesi, milango ikiwa imefungwa, ni kibaya zaidi kuliko chumba chenye joto na dirisha wazi.

Hesabu yenyewe

Kilo 1 ya gesi ya kupikia, ili iungue sawasawa, yahitaji takriban mita 13 za ujazo za hewa. Kichomeo kikubwa cha jiko kikiwa kimewaka chote hutumia kama robo kilo kwa saa, yaani mita 3 za ujazo za hewa. Chumba cha futi 10 kwa 10 chenye dari ya futi 9 kina mita za ujazo zipatazo 25. Sasa ichukue Ramadhani: baina ya alasiri na magharibi vichomeo viwili vyawaka pamoja kwa saa mbili, kimoja kina uji, kingine kina karai ya viazi. Hapo zimetumika kiasi cha mita 12, karibu nusu ya hewa ya chumba kizima. Ni kweli hakuna chumba kilichozibwa kama chupa, hewa hupenya chini ya mlango. Lakini sisi ndio tunaoziba huko chini ya mlango kwa tambara ili ubaridi usitoke.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalijui. Gesi ikiungua hutoa mvuke wa maji, na si kidogo: kilo 1 ya gesi hutoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji. Mtungi wa kilo 6 ukiisha umeshamwaga karibu lita 10 za maji hewani mwa nyumba yako, mbali na mvuke wa sufuria. Katika ukumbi uliofungwa maji hayo huenda ukutani. Wanaolalamika kuwa chokaa yabanduka na ukuta una ukungu mweusi upande wa jikoni, na wameshapaka rangi mara tatu, waangalie dirisha kabla ya kumwita tena mpaka rangi.

Sumu isiyo na harufu

Moto ukipata hewa ya kutosha huwa wa buluu, mkali, na unatulia. Ukikosa hewa, au matundu ya kichomeo yakiwa yamezibwa na mafuta na unga, huwa wa manjano, huchezacheza, na sufuria hupata masizi meusi chini. Masizi hayo ni barua. Yakwambia kuwa gesi haiungui yote, na kuwa pamoja na masizi yanatoka kaboni monoksaidi.

Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na haiwashi macho kama moshi wa kuni. Harufu tunayoisikia mtungi ukivuja ni dawa iliyotiwa makusudi kwenye gesi ili tuijue. Kaboni monoksaidi haikutiwa kitu. Ikiingia mwilini hushika damu mahali pa oksijeni, tena hushika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mtu huumwa na kichwa, huhisi kichefuchefu, kizunguzungu, miguu huwa mizito. Hapa ndipo penye hatari: hizo ni dalili za malaria, za mafua, za saumu, za mimba changa. Mtu husema, wacha nijilaze kidogo. Akajilaza mle mle chumbani.

Alama moja ya kukumbuka: ikiwa watu wawili au watatu wa nyumba moja waumwa na kichwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, usiwape panadol. Zima moto, fungua madirisha, watoe wote nje. Aliyelegea au asiyejibu vizuri apelekwe Hospitali Kuu ya Pwani au hospitali yoyote iliyo karibu yenye oksijeni, na mwambieni daktari kuwa palikuwa na moto ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu yeye kwa kumtazama tu huenda asijue. Mwenye mimba apelekwe hata akisema amepata nafuu. Sumu hii huvuka hadi kwa mtoto aliye tumboni, na humo hukawia kutoka.

Mtungi: kununua na kufunga

Tangu kiwanda cha Changamwe kiache kusafisha mafuta ghafi mwaka wa 2013, karibu gesi yote ya Kenya hutoka nje, na sehemu kubwa hushuka hapa kwetu Mombasa kwa meli. Kuwa karibu na bandari hakutuhakikishii mtungi mzuri. Serikali iliirudishia gesi kodi ya VAT ya asilimia 16 Julai 2021, ikaishusha hadi asilimia 8 mwaka wa 2022, kisha ikaiondoa mwaka wa 2023. Katika kupanda na kushuka huko wako walioingia katika biashara ya kujaza mitungi vichochoroni bila kibali, wakihamisha gesi kutoka mtungi mkubwa hadi mdogo kwa mpira.

Kanuni za gesi za mwaka wa 2019 ziliufuta ule utaratibu wa 2009 ambapo mtungi wa kampuni yoyote ungeweza kubadilishwa kwa wa nyingine katika mfuko mmoja. Sasa kampuni hairuhusiwi kujaza mtungi wa mwenzake ila kwa idhini yake ya maandishi. Kwa mnunuzi maana yake ni hii: mtungi una mwenyewe, na mwenyewe ndiye mwenye dhamana ya kuupima. Ukiuziwa mtungi wa kampuni fulani wenye lakiri ya kampuni nyingine, au usio na lakiri, urudishe. Uombe upimwe kwenye mizani mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umechongwa juu yake. Ongeza kilo 6 au kilo 13, jumla ndiyo uzito unaotakiwa. Ukipungua umeibiwa. Ukizidi ni balaa zaidi, maana mtungi huachwa nafasi ya karibu sehemu moja kwa tano ili gesi ipanuke ikipata joto, na mtungi uliojazwa pomoni hauna nafasi hiyo.

Kilichotokea Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024 sote twakikumbuka. Lori lililojaa gesi liliripuka katika kituo kilichokuwa katikati ya makazi, watu wakafa na mamia wakajeruhiwa, na mamlaka ya kawi, EPRA, ikasema ilikuwa imeshakataa maombi ya kibali cha kituo hapo mara tatu. Nalitaja kwa sababu ukimwona mtu ajaza mitungi chini ya nyumba wanamolala watu, Mkanyageni au kokote, hilo si jambo la kunyamazia kwa kuwa ni jirani.

Mtungi ukifika nyumbani, mahali pake ni nje: uani, roshani, penye kivuli na upepo, umesimama wima juu ya sakafu iliyo sawa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatokea dirishani, yateremka, yatambaa sakafuni, yatafuta shimo. Kwa nyumba zetu jambo hili lina maana zaidi kuliko kwenye vitabu vya mafunzo, kwa sababu nyumba nyingi za Mji wa Kale zina visima, vingine vimefunikwa mbao tu ndani ya nyumba. Usiweke mtungi karibu na kisima, wala karibu na tundu la maji machafu, wala juu ya ngazi inayoteremka kwa mpangaji wa chini. Nimewahi kuitwa nyumba ambayo harufu ilisikika ghorofa ya chini na jiko la chini lilikuwa zima kabisa. Gesi ilikuwa yatoka juu, yashuka ngazini kama maji.

Mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo chake juu una ubaya wa kuwa moto na mtungi viko mahali pamoja. Kwa chai na mchuzi mdogo sawa. Usiupandishie sufuria kubwa ya pilau. Licha ya kupinduka, sufuria pana hurudisha joto chini kwenye mtungi na valvu. Mtungi wa kilo 13 wahitaji regyuleta na mpira. Regyuleta iwe ya shinikizo dogo, ya jiko la nyumbani. Zile kubwa za shinikizo la juu ni za majiko ya harusi, na majiko hayo ni ya kupikia nje. Nawaomba akina mama wanaopika kwa biashara, mahamri na viazi karai, wasiyaingize chumbani hata mvua ikinyesha. Jiko moja kama hilo laweza kula gesi mara kadhaa ya kichomeo cha kawaida, na hewa vivyo hivyo.

Mpira uwe wa gesi. Mpira wa maji wa bustani haufai kwa hali yoyote, maana gesi huulainisha ukapasuka. Mpira wa gesi una maandishi na mwaka ubavuni. Uwe mfupi, mita moja na nusu hivi, usipite nyuma ya jiko penye joto, usipite chini ya mlango, na kila ncha ifungwe kwa klipu ya chuma, si kwa waya wala kwa kipande cha kanga. Ukunje kwa vidole: ukiona nyufa ndogo ndogo, ubadilishe siku hiyo. Hata usipoona kitu, usiupitishe miaka mitatu. Hewa yetu ya chumvi haina huruma kwa mpira wala kwa klipu. Na panya wa Mji wa Kale sina haja ya kuwaeleza.

Kila unapobadilisha mtungi, pima. Changanya sabuni ya unga na maji kidogo mpaka ifanye povu, pakaza kwenye valvu, kwenye regyuleta, na ncha zote mbili za mpira, kisha fungua gesi bila kuwasha jiko. Povu likichemka kwa vitone, pana mvujo. Funga, kaza, pima tena. Wako mafundi wanaopima kwa kiberiti, wakijisifu kwa ujuzi. Fundi wa namna hiyo mlipe nauli yake aende.

Ada nyingine ya kuacha ni kulaza mtungi au kuutia katika beseni la maji ya moto ili gesi iliyobakia itoke. Mtungi ukilazwa, gesi ya majimaji huingia kwenye regyuleta na mpira ambavyo vimetengenezwa kupitisha mvuke tu, na moto unaweza kuruka ghafla. Kilichobaki mle hakifikii thamani ya nyusi zako.

Harufu ikisikika

Lita moja tu ya gesi ya majimaji, ambayo ni kama nusu kilo, ikivuja hugeuka takriban lita 250 za mvuke. Na hewa yenye gesi sehemu 2 kwa 100 yatosha kushika moto. Piga hesabu utaona kwamba nusu kilo hiyo yaweza kuifanya karibu nusu ya chumba chetu cha futi 10 kwa 10 kuwa baruti. Ndiyo maana sifanyi mzaha na harufu.

Usiwashe taa. Na ikiwa imewaka, usiizime, kwa sababu swichi hutoa cheche ikiwashwa na ikizimwa. Usiguse pangaboi, AC wala friji. Funga gesi kwenye mtungi. Fungua milango na madirisha, watoe watu, na ukiwa unatoka wagongee majirani kwa mkono; usibonyeze kengele. Simu piga ukiwa nje, mbali. Harufu ikiwa yatoka usiku na watoto wamelala, waamshe kwanza kabla ya kutafuta mvujo ulipo.

Ikiwa moto umeshika kwenye mpira au regyuleta na unaweza kufikia valvu bila kuungua, zungusha kitambaa kizito kilicholoweshwa mkononi, ufunge. Usiuzime moto wa gesi kwa kuupuliza wala kwa maji huku gesi yaendelea kutoka. Moto utazimika lakini gesi itajaa chumbani, na ikipata cheche nyingine itaripuka. Huwezi kuifikia valvu? Toka. Karai ya mafuta ikishika moto, zima jiko na funika karai kwa kifuniko au sinia, usimwagie maji hata tone.

Hita ya maji na hita ya chumba

Hita ya gesi ya kuogea imeanza kuonekana mjini kwa wanaokwepa gharama ya umeme. Ile ndogo kabisa hutumia gesi karibu kilo 1 kwa saa ikiwa imefunguliwa chote. Itie ndani ya bafu la futi 5 kwa 6, mlango umefungwa kwa sitara na kidirisha kimeshindiliwa gazeti, dakika kumi tu itakuwa imekula robo ya hewa ya mle ndani, na anayeoga yuko uchi, peke yake, amejifungia kwa komeo. Watu wamekufa hivyo katika nchi nyingi. Chombo hiki hufungwa nje ya bafu, ukuta wa uani au roshani, na maji yakaingia kwa bomba. Kikiwa na bomba lake la moshi, bomba hilo lifike nje kabisa. Si kutolewa juu ya dari ya bodi kisha likaachwa humo. Fundi akikwambia hakuna neno, kidirisha chatosha, muulize kama nyumbani kwake amekifunga hivyo hivyo.

Ama ile hita ya chumba isiyo na bomba, ambayo ndiyo iliyoleta maswali. Nchi zimehitilafiana juu yake. Nchini Marekani yauzwa katika majimbo mengi, lakini jimbo la California halikubali itumike ndani ya nyumba za kuishi. Hita nzuri huwa na kifaa kinachopima oksijeni: hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21, na ikishuka hadi kama 18 kifaa hukata gesi na hita huzimika. Ukinunua, uliza kuhusu kifaa hicho, na usipooneshwa maandishi yake kwenye kitabu chake, iache dukani. Hata hivyo kifaa hupima oksijeni tu. Hakipimi kaboni monoksaidi.

Kwa kijana aliye Eldoret au Limuru kuna jambo la ziada. Huko ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi, basi hita huweza kujizimazima bila sababu ya kuonekana. Ndipo hutokea mjuaji akasema kile kifaa chasumbua, tukikatie. Kikikatiwa, hita haina tena wa kuizuia. Mwambie mwanao: ikijizima, fungua dirisha, ikiendelea, irudishe dukani.

Masharti mengine ya hita ni machache. Iwekwe sebuleni, si chumba cha kulala wala bafu. Mbele yake paachwe mita moja bila pazia, godoro wala nguo za kuanika. Dirisha liachwe wazi kiasi cha vidole vinne muda wote inapowaka, hata kama hilo laonekana ni kupoteza joto. Mpira na regyuleta vipimwe kwa povu kama nilivyoeleza. Na izimwe kwenye mtungi kabla ya kulala. Mtume wetu (SAW) alitufundisha kuzima moto kabla ya kulala, na hita ni moto. Mwanafunzi anayeishi chumba kimoja, ambamo sebule ndiyo kitanda, mnunulie blanketi mbili nzito na chupa ya maji moto. Hita hii si yake.

Jiko la mzazi

Hili nalijua ni la akina bibi, nami naliendea kwa adabu. Mzazi wa arubaini akandwe, anywe uji wa pilipili manga, atiwe joto, sina neno. Lakini jiko la makaa kuwekwa chumbani, mlango umefungwa na madirisha yamezibwa ili upepo usimwingie mzazi wala mtoto, ni hatari kuliko hita yoyote niliyoitaja hapo juu. Husemwa kuwa makaa yakishaiva na moshi ukaisha hayana dhara. Ni kinyume chake. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa kaboni monoksaidi kwa wingi, na mtoto mchanga avuta pumzi kwa haraka kuliko mtu mzima. Jiko lipashiwe nguo na mafuta nje, viletwe vikiwa moto. Ikibidi liingie, mlango uwe wazi na litolewe likimaliza kazi, lisilale humo. Chetezo cha udi ni makaa kidogo ya muda mfupi. Fungua dirisha, yatosha.

Vitu vya kununua na vya kufungua

Kuna vifaa viwili vya kengele na watu huvichanganya. Cha gesi ya kupikia huwekwa chini, kama futi moja kutoka sakafuni, kwa kuwa gesi huteremka. Cha kaboni monoksaidi huwekwa juu kidogo, kimo cha kichwa, katika chumba cha kulala au karibu nacho. Tafuta chenye alama EN 50291. Kina tarehe ya kuisha, kiangalie. Ukiwa na uwezo wa kimoja tu, na wapika ndani pasipo dirisha la kufunguka, anza na dirisha.

Kufungua hewa si lazima kuwe ghali. Ninachoomba ni matundu mawili yasiyofungika katika chumba cha jiko, moja chini karibu na sakafu na moja juu karibu na dari, kila moja lisipungue kitanga cha mkono wa mtu mzima. La chini lielekee nje, si kisimani. Mara nyingi matundu hayo yapo tayari, yamezibwa na simiti na mpangaji aliyepita. Feni ndogo ya kutoa hewa nje nayo husaidia, ila iwe na pahali pa hewa nyingine kuingilia. Ukuta wa nje wa Mji wa Kale usiutoboe hivi hivi; hili ni eneo la hifadhi, na ofisi ya hifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa hushauri bila kununa. Nimewaona wakimwelekeza mwenye nyumba arudishe vibao vya dirisha vya zamani badala ya kutoboa, na vibao vikawa rahisi kuliko alumini aliyokuwa ameshaagiza.

La mwisho ni vichochoro. Gari la zimamoto haliwezi kupita njia zetu nyingi, mpira wa maji lazima uburutwe kwa miguu kutoka barabara ya gari. Kwa hivyo kila mtaa ujue njia hiyo ni ipi, na pikipiki na mikokoteni isilazwe hapo usiku. Baraza moja ya wazee na vijana baada ya swala ya isha yatosha kulipanga hilo, na kuchangiana mitungi miwili ya unga wa kuzimia moto ikae msikitini mahali panapofikika, funguo ziwe kwa mtu anayelala karibu.